Vidole Viwili

Usinionyeshe lebo, Muhannad. Lebo haivaliwi.
Igeuze suruali ndani nje, uilaze mezani,
hapa chini ya taa, sogeza vikombe vya kahawa.
Nguo ni kama nyumba ya wachumba:
sebuleni kila mtu hufagia,
mwenye macho huomba maji, apite jikoni.

Riali arubaini na tano, duka la marumaru, Qurum.
Haya. Kikamate kitambaa, kifinye ngumini,
hesabu mpaka kumi, kiachie.
Sufi ya kweli huamka, hujinyoosha, husahau.
Hii imebaki na makunyanzi
kama mtu aliyeamshwa na simu isiyo yake.
Isogeze dirishani. Inang'aa magotini
kabla hujaipigia goti.
Muuzaji hakusema kuna nailoni humu,
jua la Ruwi limesema.

Sasa ivae. Usinivutie tumbo ndani,
sikupigi picha ya paspoti.
Mifuko imeachama: nyonga zinabanwa.
Mistari ile kwenye zipu, kama masharubu ya paka: imebana.
Nyuma, chini ya makalio, nguo imelala
kama pazia lililokatika kamba: huko imezidi.
Na mkunjo wa pasi, unaopasa kushuka
katikati ya goti mpaka kwenye kiatu,
wako umekwenda upande,
kama mgeni anayetafuta choo.

Kanzu imekudekeza, mjukuu wangu.
Kanzu ni msiri, hubeba tumbo la mtu isiseme.
Suruali ni shahidi, haina ndugu.

Na wewe hata kusimama husimami.
Utakaa saa nzima, fidla kubwa baina ya magoti,
watu mia nne wakikutazama.
Basi kaa. Hapo, kwenye kigoda cha Shamsul.
Unaona? Soksi imetoka yote,
na mguu juu yake.
(Shamsul amegeuka ukutani, anacheka na uzi mdomoni.
Miaka kumi na saba nami, Kiswahili chake kimejaa pini.)

Hayo hurekebika. Lisilorekebika ni hili:
leta kidole, pitisha kiunoni, mshono wa nyuma.
Umegusa nini? Uzi, kisha ukingo.
Wamekukatia kama mtu
asiyetarajiwa kula harusi ya pili.
Baba yangu, Mkunazini, akiacha vidole viwili
kila upande, hata kwa mteja mdeni.
Akiba haiozi, wanasema watu wa benki.
Yeye alilisema neno hilo na chaki mkononi.
Kumwachia mtu kitambaa ni kumwombea:
nenepa, zeeka, rudi.

Ninayo ya babu yako sandukuni, ya kijivu.
Ukiigeuza utaona matundu ya sindano, safu safu:
ya mwaka tuliofika Maskati, mifupa mitupu,
ya alipopata kazi ya umeme,
ya alipozaliwa mama yako, nikapika mno.
Kisha safu zinarudi ndani. Moja.
Nyingine.
Ya mwisho niliishona mwenyewe, usiku, wodini,
kwa uzi mweusi, wa kijivu ulikwisha.
Hakuivaa.

Usiniangalie hivyo, sikupi ile.
Ina nondo, na wewe una mapaja ya kwa baba yako.

Shamsul, leta futi.
Ile sufi nyepesi, buluu ya wino,
si nyeusi, nyeusi ikipigwa na taa za jukwaa huona haya.
Bitana mpaka gotini. Vifungo vya pembe.
Mpime akiwa amekaa.
Na nyuma, wewe unajua.

Anainua vidole viwili.
Natikisa kichwa.
Vitatu. Kijana huyu anapenda halua.