Mgongo wa Friji

Ukuta wa chumba changu, hapa Pasua,
umepakana na bucha la Aminieli.
Kwake kuna baridi na mapaja ya ng'ombe.
Kwangu kuna mgongo wa friji.

Julai, mawingu yaliposhuka mpaka kwenye mabati,
nepi za Ndeshi nilizianika palepale ukutani,
zikakauka kabla ya jogoo wa pili.
Nikasema, Mungu ana njia zake za kutulipia umeme.

Februari nikahamishia godoro mlangoni.

Nikamwita fundi Eliapenda na mkoba wake wa spana.
Mashine imeharibika, nikamwambia, inatoa moto badala ya baridi.
Akaugusa ukuta kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa,
akacheka.
"Nzima, mama Ndeshi. Nzima kabisa.
Baridi haitengenezwi.
Joto linatolewa kwenye nyama, linaletwa kwako,
na mota inaongeza la kwake juu,
ujira wa kulibeba."

Tangu siku ile naona migongo tu.
Viyoyozi nyuma ya benki, vinatema uchochoroni.
Jenereta la gesti. Tanuri la mikate. Pasi.
Lori la saruji limezimwa zamani, boneti bado haishikiki.
Kila kilichofanya kazi kimeacha jasho lake hewani
na hakuna anayerudi kulifuta.

Nikamuuliza: ndilo hili linalokula theluji kule juu?
Alifikiri, bisibisi mdomoni.
"Hili letu dogo. Jua linamwaga zaidi kwa asubuhi moja.
Hili linausumbua mji, linakusumbua wewe.
Balaa ni blanketi: moshi wa kila nchi, umeifunika dunia,
joto likitaka kutoka usiku
linagonga, linarudi."
Na umeme wa friji, nikauliza, hauna moshi wake?
Akafunga mkoba.
Akadai elfu kumi ya kuja.

Saa tisa usiku. Mota inanguruma, inakata, inanguruma.
Ndeshi ameshatupa shuka.
Dirishani mlima uko wazi,
weupe umebaki kidogo pale juu
kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi,
kile unachokibandika kwenye kipya
ukiwa nacho kipya.

Kesho Aminieli atafungua saa kumi na mbili.
Maini yatakuwa ya baridi, mazuri,
na mimi nitanunua robo.