Mstari Mweupe, Barabara ya Surami

Kazi yangu ni kuchora mstari.
Si msanii mimi, usinitafute ukutani.
Ni yule mtu wa kizibao cha rangi ya chungwa
unayempita ukipiga honi kana kwamba kakukopa.

Mwaka wa kwanza Nugzar alinipa kamba na chaki,
rangi akaninyima.
"Kwanza ujue kunyooka," akasema,
akachutama, goti lake bovu likalia ka!
Miezi minne nikavuta kamba, Khashuri hadi Surami,
nikimlaani kimoyomoyo,
yeye, na shangazi aliyenitafutia kibarua,
na wenzangu wa darasa waliohamia Batumi
wakawa wananitumia picha za miguu yao
juu ya kokoto za pwani.

Rangi ina harufu inayokufuata mpaka mezani.
"Umekuja na barabara tena,"
Lamara husema, akinisugua shingo
kwa kitambaa na mafuta ya alizeti.
Na kila nilichopaka Aprili
Januari hukila:
sepeto za theluji, chumvi,
minyororo ya malori yatokayo Uturuki.
Kisha Aprili tena, palepale,
jiwe lilelile la kilomita, lenye ufa uleule.
Nikamwuliza Nugzar, hii ni kazi au kifungo?
Akamenya yai lake la kuchemsha,
akaling'ata, akatazama kiini.
"Halijaiva," akasema.
Basi. Hilo ndilo jibu nililopewa.

Siku moja, kwenye kona ya wauza mikate,
wale wa mikate mitamu ya mdalasini na zabibu kavu,
mbwa alikatiza rangi mbichi.
Nikaruka kumfukuza, mashine ikaniponyoka,
mstari ukapinda, kidogo tu, upana wa viganja viwili,
na nyayo nyeupe zikaenda zake
hadi mlangoni mwa tanuri.
Mwenye mbwa akacheka hadi akakaa chini.
Nikajitia hamnazo. Nani angeona?

Novemba nikatoka Kutaisi kwa basi la usiku.
Baba alikuwa amelazwa, hakunitambua;
alinipa shikamoo kama mgeni,
akaniuliza nauza nini.
Mlimani ukungu ukatumeza.
Hakukuwa na mti, hakukuwa na ukingo wala bonde,
taa za basi zilikuwa zimegonga pamba.
Dereva akazima redio.
Akaegemea usukani, pua karibu na kioo,
kama mtu asomaye barua ya mwandiko mdogo,
na nikafuata macho yake nione anasoma nini.

Ulikuwa ule mstari.
Wangu, wa Aprili, umechakaa, umeliwa nusu,
ukitokea kipande kwa kipande
mbele ya tairi.
Nyuma yangu mtoto kalala mdomo wazi.
Bibi mmoja kapakata keki ndani ya boksi,
kaishika kwa mikono miwili.
Watu thelathini na kitu, na wote
tumening'inia kwenye chaki na kamba.

Tulipofika kona ya mikate
dereva akakata usukani ghafla, akatukana.
"Punguani gani alichora hapa? Umepinda kama mkia!"
Abiria wakaguna.
Nikaufyata.
Uso uliniwaka kwa aibu, na chini ya aibu
kulikuwa na kitu kingine, kitamu,
ambacho sikukipa jina, na mpaka leo sijakipa.

Nugzar sasa anafuga nyuki na hapokei simu.
Kwenye kona ile huvuta kamba mara tatu,
hupima kwa viganja, hupima tena.
Nina kijana, Vazha, miaka kumi na tisa,
mwenye vidole virefu na manung'uniko.
Leo ameniuliza lile swali.
Nilitaka kumsimulia habari za basi,
za ukungu, za bibi na keki yake,
nikafungua mdomo,
lakini rangi ilikuwa inakauka ndooni
na kona ilikuwa bado.