Daftari Juu ya Friji

Kabla yake, namba za simu zilikuwa tano
na kila moja ilinijibu: subiri.
Daktari wa moyo hakumjua wa figo,
wa figo hakuwa na habari za macho,
na mimi katikati, tarishi asiye na mshahara,
nikipandisha bahasha ghorofa hadi ghorofa
katika hospitali ya Noshiro,
theluji ikiniyeyukia kwenye kola.

Bwana Sugawara alikuja Jumanne, akavua viatu mlangoni.
Soksi ya kushoto imetoboka kidoleni.
Hakuanza na ugonjwa.
Alimwomba mama amwoneshe vidonge vyote,
hata vile vya kwenye kopo la chai.
Tukavimwaga mezani: vyeupe, vya njano,
vya waridi vilivyochina tangu baba yu hai.
Akavichambua kwa ncha ya kalamu
kama mtu atoaye mawe kwenye mchele,
akasita penye viwili.
"Hivi vinagombana. Nani kaviweka nyumba moja?"
Hakuna. Kila mmoja alileta chake, akaenda zake.

Alipiga simu palepale, magoti mkekani.
Sikusikia yote. Nilisikia: "Leo. Si kesho, leo."

Sasa kuna daftari la jalada la buluu juu ya friji.
Muuguzi huandika humo,
dereva anayempeleka mama kusafishwa damu huandika,
hata Bi Tomoe wa jirani, mwenye koleo la theluji:
*Chizuru kakataa supu. Kala tufaha, nusu.*
Mkono mmoja haulei mwana.
Mama, je? Nani alisema unamtosha?

Siku ile ya kwanza, akifunga kamba za viatu, aliniuliza:
"Na wewe, Nobue, unalala saa ngapi?"
Miaka minne sijaulizwa.
Nikasema nalala vizuri.
Akaandika kitu. Nilikisoma gari lake lilipopotea konani:
*Binti anadanganya. Alhamisi apumzike.*

Alhamisi ya kwanza mama alipelekwa kituoni
kukunja karatasi na wenzake.
Nami nililala garini, nje ya duka la samaki,
saa tatu nzima, aproni kiunoni,
vioo vyote vimezibwa na theluji.

Figo hazijapona. Jina langu, siku nyingine, halipati.
Lakini jana, chini ya kipimo cha presha,
kuna mstari mmoja, mwandiko unayumba,
wa mama mwenyewe:
*Sugawara. Soksi. Nimtafutie uzi.*