Dakika Tisa

Niliinunua Luanda siku ya soko, chini ya mwavuli uliotoboka,
kwa Owuonda, anayeuza pia saa na mitego ya panya.
Akasema elfu nne na mia tano. Nikacheka.
Akasema elfu nne. Nikageuka kuondoka.
Kwa elfu tatu na mia tatu akaifunga kwa gazeti
akanipa diski mbili, moja ya kukata, moja ya kusugua,
na onyo: "Dada, hii si ya fundi, hii ni ya nyumbani.
Usiifanyishe kazi ya ng'ombe."

Grainda isiyo na waya. Jina la kampuni ni la karatasi,
lilianza kubanduka kabla hatujafika Chavakali.
Betri ni nene kama kipande cha sabuni ya kufulia,
ina vitaa vitatu vya kijani, vyote waongo:
cha pili kikizimika, cha tatu hakikungoji.
Unachaji saa moja na nusu.
Inafanya kazi dakika tisa. Nimehesabu.

Dakika tisa ni nini?
Wali haujaiva. Matangazo ya vifo redioni
hayajafika kwa majina ya kwenu.
Lakini mpe mtu dakika tisa zenye meno
uone atakavyozigawa.

Jumatatu, nondo iliyochomoza kwenye ngazi ya jikoni,
ile iliyomchana Vugutsa muundi Krismasi ya juzi.
Miaka kumi na moja tumeiruka,
tumeivalisha kopo la rangi kama kofia.
Nikafunga leso puani, nikavaa miwani ya maabara,
nikahamisha kuni zilizokuwa upande wa cheche.
Huishiki hivi hivi: unaikamata kama jogoo wa wageni,
mkono mmoja miguuni, mmoja mbawani.
Ikalia kama nyigu aliyefungiwa koponi.
Sekunde arobaini.
Nondo ikabaki chini, ya moto, fupi kama kalamu,
nami nikaona haya.

Jumatano, majembe. Nikanoa langu, nikanoa la Mmbone,
Mmbone akarudi na la shemeji yake na mapanga mawili,
nyuma yake mzee Kisia, shoka begani.
Betri ilikata roho katikati ya shoka.
Hadi leo nusu yake inang'aa, nusu ni kutu,
na Kisia anasema heri hivyo,
upande wa kutu ni wa kuazima watu.

Kisha Jumamosi, geti.

Baba alilichomelea mwenyewe
mwaka ambao bonasi ya chai ilikuwa nono.
Bawaba zikalegea, likainama upande mmoja,
likachora tao jeupe kwenye saruji,
na kila aliyeingia lilimtangaza: kwaruuu.
Nikapiga mstari kwa chaki, vidole viwili kutoka chini.
Betri tatu, yaani betri moja mara tatu,
na stima ikapotea kuanzia saa sita hadi saa kumi.
Giza lilipoingia nikalisukuma kwa kidole kimoja.
Likaenda. Likarudi. Kimya.
Nilitaka mtu anipigie makofi.

Usiku Mama akabisha mlangoni kwangu.
"Nani ameingia?"
Hakuna mtu, Mama.
"Sasa nitajuaje?"
Ndipo akaketi kitandani, akaniambia
Vugutsa hulisukuma kwa bega, mkwaruzo mmoja mrefu,
mimi hulinyanyua kidogo, kama mwizi mwenye adabu,
na Baba, enzi zake, alilivuta mara mbili,
katikati akikohoa.
Sikuwa na la kusema. Betri ilikuwa ukutani inachaji,
kitaa kimoja kimewaka.

Jumapili, nikitoka kwenda ibadani,
nikakuta kile kipande nilichokata
amekifunga kwa waya chini ya geti, kinaning'inia.
Nikafungua. Kikagonga saruji: tang, tang.
Sauti si ile.

Mama yuko dirishani.
Anasema itazoea.