A- Haina Ndevu

Kibanda cha Mama Ntabo, Isevya, Tabora, saa mbili usiku,
tunasubiri mpira. Runinga imefungwa mnyororo
kama mbuzi wa mahari.
Kabla ya mpira, tangazo.

Mikono. Mikono tu, haina mwenyewe.
Grisi mpaka viwikoni, spana namba ishirini na nne,
mguno mmoja kutoka uvunguni mwa lori,
na sauti tamu kama asali ya Sikonge iliyochujwa mara mbili:
*Anafungua. Anakagua. Anakaza.
Jua liwake, mvua inyeshe, anasimama na kazi yake.*

"Jamaa anaijua kazi," akasema Kapela.
"Uone mshipa ule! Kalelewa na ugali wa udaga."
Hata Mama Ntabo, mwiko mkononi:
"Mkewe ana kazi, kuifua hiyo ovaroli."
(Hata. Tayari nimelisema.)

Nami nimekaa palepale, benchi la nyuma,
kitumbua mkono wa kushoto,
na wa kulia, chini ya kucha,
giaboksi ya Fuso ya Mihayo
niliyoishusha Jumanne, nikaipandisha Alhamisi.

Kofia ikavuliwa.
Nywele zikamwagika mabegani. Hereni. Meno.
Kipande cha sabuni kwenye kiganja.
*HATA YEYE!* ikaimba sauti.
Kibanda kikapasuka. Na Mihayo,
Mihayo huyuhuyu, akajipiga paja:
"Haiwezekani! Wametudanganya!"

Hakuna aliyekudanganya, Mihayo.
Rudi nyuma, sikiliza.
Anafungua, ilisema. Anakagua.
A-.
Herufi moja. Haina ndevu, haina hereni,
haijawahi kuvaa suruali wala kanga.
Bibi yangu kule Urambo akisema "amekuja"
ilibidi uchungulie dirishani
ujue ni shangazi au mjomba.
Lugha iliwaachia kigoda kitupu.
Ninyi ndio mlioleta mwanaume mkamkalisha,
mkampa mshipa, mkamlisha udaga,
mkamwoza na mke wa kumfulia,
kwa sekunde ishirini, bila kulipwa hata senti.

Na aliyeliandika alijua.
Alijua kama mtegaji anavyojua njia ya digidigi:
hutegi popote tu porini,
unatega pale nyasi zilipokwisha kulala.

Sijitoi. Mwezi jana mkono ulipobembeleza mtoto
nilisema "mama huyo" kabla ya wote,
kumbe baba, na chupa ya maziwa, na mkopo wa benki.
Na leo pia, nakiri, kofia ilipovuka
moyo ulinichanua: tumeonekana!
Mpaka nilipopiga hesabu.

Siku mtakapoiona mikono yenye grisi
na msimwone mtu mpaka aonekane,
tangazo hili halitakuwa na cha kuuza.
Mshangao wenu ndio mtaji wake.
Kwa hiyo halitaki mwache.
Linataka mshangae kesho, na kesho kutwa, kabla ya mpira,
na ile "hata" ikae mlangoni kama bawabu
anayempitisha mmoja
ili foleni nzima imwone akipitishwa.

"Lakini," nikasema, "kwani mimi hapa ni nani?"
Wakageuka. Kapela akakitazama kitumbua changu.
Mihayo akatabasamu kwa upole wa kweli kabisa:
"Aa, Kalunde. Wewe tumekuzoea. Wewe si mwanamke wa hivyo."
Kisha mpira ukaanza,
na maneno yangu yakabaki mdomoni pamoja na mafuta ya kitumbua.

Asubuhi nikapita dukani, nikainunua ile sabuni.
Ndiyo, niliinunua.
Ina harufu ya waridi, na picha yake, anacheka.
Nilisugua mpaka ndoo ikawa ya kijivu.
Grisi ya Fuso haikutoka.
Nimerudia dizeli na majivu.