Mistari Arobaini na Mmoja

Ofisi yetu iko Barabara ya Nane, Ngamiani,
ghorofani, juu ya fundi baiskeli.
Yeye kutwa anagonga rimu, sisi twagonga vitufe,
na feni inakatakata maneno ya kila asemaye.
Nyamvula alipangiwa meza ya mlangoni.
Aliye karibu na mlango ndiye atumwaye chai.

Tulikuwa tunaandika programu ya ushirika wa maziwa:
lita ngapi asubuhi, ngapi jioni,
nani anadai nini mwisho wa mwezi.
Yeye ndiye aliyeona desimali zinavuja.
Nusu lita ya Mama Semkiwa wa Pongwe,
robo ya jirani yake,
programu ilizikadiria zote kwenda chini,
siku hadi siku, ndoo yenye tundu la sindano.
Akanyoosha mkono. Bosi akasema:
"Nyamvula bwana! Maziwa si fani yenu hiyo?"
Tukacheka.

Nimeandika "tukacheka",
nikaona jinsi herufi mbili za mbele zinavyonificha.
Ngoja nisahihishe:
nikacheka.

Halafu ile warsha ya Raskazone.
Mgeni kutoka Dar akawasha projekta:
mwanamke na nguo ya kuogea,
chini yake, "Msimbo mzuri hauna cha ziada."
Ukumbi ukapiga meza.
Wanawake walikuwa watatu.
Mmoja akashika simu, mmoja akaikodolea soda yake,
Nyamvula akaandika kitu daftarini.
Waja leo waondoka leo, husema watu wa Tanga;
mgeni aliondoka na basi la saa tisa,
picha ikabaki ndani ya simu zetu.
Yangu pia.

Msimbo wa kuziba lile tundu aliuleta Jumanne.
Mistari arobaini na mmoja.
Mkaguzi nilikuwa mimi.
Nikamwandikia: "Una uhakika?"
Akarudisha na majaribio kumi na mawili, yote yamepita.
Nikamwandikia: "Nani alikusaidia?"
Mara ya tatu sikuwa na la kusema,
nikalaumu nafasi kati ya maneno.

Alhamisi akaleta wake Hizza, kijana wa fildi,
wiki ya pili kazini, bado anasahau kufunga mabano.
Mistari arobaini na mmoja.
Niliisoma dakika nne, na mandazi mkononi.
"Safi sana mdogo wangu. Pitisha."

Jumatatu nilikuta karatasi mbili kwenye friji,
zimebandikwa kando ya Kanuni za Mwenendo wa Kazi
ambazo sote tulitia saini bila kuzisoma.
Nukta kwa nukta, mkato kwa mkato, ni kitu kimoja.
Kilichotofautiana ni jina la juu.
Pembeni, kwa kalamu ya risasi, hesabu:
siku tatu, dakika nne.
Hizza alikuwa anatazama viatu vyake.
Nyamvula akatupita, akafungua chupa,
akamimina chai
kikombe kimoja.

Bosi alisema ni utani umekuzwa.
Alisema ya ndani hayatoki nje.
Chini fundi aliacha kugonga, au nilidhani ameacha.

Mwezi huo Mama Semkiwa alipata nyongeza
ya shilingi elfu tatu na mia mbili.
Hajui imetoka wapi. Kwenye kumbukumbu za programu
jina lililopo ni la Hizza,
na la aliyeidhinisha, langu.

Kesho bodi ya ushirika inakuja kutuhoji.
Daftari lile litakuwa mezani:
tarehe, saa, idadi ya waliocheka.
Bosi amenipigia mara mbili,
amenikumbusha nani alinipa kazi nikiwa sina hata laptopu.
Ni kweli, alinipa.

Nimekaa mlangoni, kwenye kiti chake,
nijaribu kuandika maelezo.
Kutoka hapa kila anayeingia anakugonga bega.
Sikuwa najua.
Nimefuta mara sita.
Sentensi ya kwanza inataka kuanza na "tu",
naikatalia.
Ni-
ni-
nilisoma jina kabla ya msimbo.