Safu ya Saba

Wiki ya kwanza nilifika Eastleigh na kompyuta,
nyuma yangu wenzangu wanne wakingoja nitamke.
Hibaq akatumiminia maziwa ya ngamia, yananuka moshi.
Solveig akauliza faida kabla hajamaliza kikombe.
Simiyu akapiga chafya. Mimi, kiongozi, nikatazama saa.

Daftari la Hibaq liko kichwani:
nani kachukua lita mbili, nani kafiwa,
nani mwanawe bado yuko hospitali.
Tukalihamishia kwenye jedwali.
Majina kumi na moja tukayapaka nyekundu:
madeni mabaya.

Akasoma, kidole kikifuata mstari.
"Huyu alinipokea usiku niliposhuka basi la Garissa.
Huyu alimwosha mama yangu.
Nanyi mmewapaka damu."

Jokofu likanguruma.
Jibu la darasani nilikuwa nalo, limekunjwa vizuri.
Nikaliacha lilivyo.
"Basi hapa tuandike nini?"

Wateja wawili wakaja, wakahudumiwa, wakaenda zao.
"Andika: wanakuja kesho."

Mhadhiri ameizungushia duara safu ya saba,
kando yake alama ya kuuliza.
Sijaifuta.